Marumaru ya Bafuni kwa Mama Nione

Hilaria wa Mwika, huku kwetu mlimani, hajawahi kuamini kitu kwa kuambiwa tu. Alipokuwa msichana mdogo, katekista alikuja kwao na redio, akasema ndani yake mna sauti inayotoka mbali. Watu wazima wakaitikia kwa vichwa, wakaendelea kunywa. Hilaria akangoja katekista atoke kunawa mikono, akaifungua ile redio kwa kisu cha kumenyea ndizi. Alichapwa, tena siyo kidogo, lakini mpaka leo ukimkumbusha anacheka na kusema angalau alijua kwamba ndani hamna mtu.

Ndivyo alivyo. Ameolewa, amezaa, amemzika mumewe Jacob, amechuma kahawa ya kihamba kile kile, shamba la ukoo, mpaka mgongo umeanza kulalamika, na tabia haijamtoka. Mashine ya kumenyea kahawa ikiharibika, yeye yumo, ameinama, anauliza jino hili linazunguka kwenda wapi. Padre akileta spika mpya kanisani, utamkuta nyuma ya spika. Mwambie mtaa wa juu kuna ng'ombe kazaa ndama wawili, hatashangaa wala hatakataa. Atajifunga kanga yake, aseme, "Nione kwanza," na huyo anaondoka. Hapo ndipo lilipotoka jina la Mama Nione, na amelizoea kiasi kwamba hata kwenye simu hujitambulisha hivyo hivyo.

Jina hilo lina faida yake. Huku kwetu watu wanajua kwamba Mama Nione akisema jambo, ameliona. Wakibishana, mmoja husema twende tukamuulize, na yeye akishajibu, ubishi umekwisha. Mimi nakwambia, neno la mwanamke huyu lilikuwa na uzito kuliko la mwenyekiti wa kijiji. Ndiyo maana neno moja alilokuja kulisema kuhusu fundi Wenseslaus nusura limfukuze yule kijana mlimani.

Lilianza kwa upendo. Binti yake Evelyn, anayefanya kazi Dar es Salaam, hakutaka wanawe wakija Krismasi watoke nje kwenye baridi kwenda kuoga. Akajengesha bafu la ndani, pembeni mwa chumba cha wageni, na hakutaka bafu la hivi hivi. Alitaka kabati la sinki, lile la mbao lenye vilango chini na bamba la jiwe juu, kama aliloliona hotelini. Jiwe alilichagua mwenyewe mjini Moshi, dukani kwa Chetan: marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Chetan, ambaye kwao wameuza mawe na vigae tangu enzi za babu yake, alimwambia wazi kwamba granaiti ni ngumu zaidi na haina masharti. Evelyn akasema anataka nyeupe. Chetan akacheka, akamwambia basi amtafute Wenseslaus, maana marumaru inataka mtu mwenye subira.

Wenseslaus ni wa hapa hapa, nyumba yao iko chini ya barabara. Kazi ya mawe na vigae alijifunzia mjini, akarudi nyumbani mama yake alipougua, na tangu arudi alikuwa anaokoteza vibarua: leo ngazi ya mtu, kesho kaburi la mtu. Kazi ya Evelyn ndiyo ilikuwa ya kwanza ya maana. Na kila mtu alijua kwamba nyuma yake kuna nyingine inayosubiri. Masista wa pale juu walikuwa wanamalizia nyumba ya wageni, kila chumba na bafu lake, kila bafu na kabati lake la sinki, na Sista Ruth aliyesimamia ujenzi alisema atasikia kwanza ya kwa Mama Nione. Kazi ikisifiwa, Wenseslaus atakaa mlimani na kumuuguza mama yake. Isiposifiwa, itabidi arudi mjini na mama abaki na majirani.

Siku ya kufunga, Hilaria hakwenda shamba. Wenseslaus aliingia bafuni, na kabla hajagusa kitu akaweka pimamaji ukutani, kisha sakafuni, kisha akaguna.

"Mbona unaguna?" akauliza Hilaria.

"Sakafu imelala kidogo, mama. Kabati likiifuata, maji yatakimbilia upande mmoja."

"Nione."

Akaonyeshwa povu dogo la hewa ndani ya kioo cha pimamaji, lilivyohamia pembeni. Akaomba ashike mwenyewe. Akapima dirisha, akapima mlango, akaenda jikoni akapima meza aliyoilia mtori wa ndizi zaidi ya nusu ya maisha yake, akakuta na yenyewe imelala. Alirudi bafuni amefurahi kweli kweli, hujui kwa lipi.

Wenseslaus akapachika vibao vyembamba chini ya kabati mpaka lile povu likatulia katikati, akalikaza ukutani kwa skrubu. Jiwe lilikuwa kwenye pikapu, limeviringishwa blanketi. Alilibeba na jirani yao Shedrack, wamelisimamisha kwa ubavu. Hilaria akataka kujua kwa nini wasilibebe limelala, si ingekuwa rahisi? Akaambiwa kwamba likilala linaweza kujivunja kwa uzito wake lenyewe, hasa likishatobolewa. Tundu la sinki lilikatiwa uani kwa grinda, na aliyemimina maji kwa birika, jiwe lisishike moto na vumbi lisiruke, ni Hilaria. Alilowa mpaka magotini. Kipande cha katikati kilipoachia, alikidaka kwa mikono miwili, cha duara, kizito, kinang'aa.

"Na hiki?"

"Chukua, mama. Wengine wanakitupa."

Akakiweka dirishani chumbani kwake, na juu yake akaisimamisha picha ya Jacob.

Jiwe likakalishwa juu ya kabati kwa gundi ya silikoni, siyo kwa saruji, kwa sababu mbao hucheza kidogo na saruji ikishakauka haitaki mchezo. Kisha Wenseslaus akalipaka dawa ya kukinga madoa, akaiacha inywewe na jiwe, akaifuta. Mwisho akaeleza matunzo. Kitambaa laini, sabuni ya kawaida kidogo, kisha futa mpaka likauke. Lisiguswe na limau, wala siki, wala dawa ya kusafishia choo, maana vinakula jiwe.

"Vinalila vipi, na jiwe ni jiwe?"

"Vinaondoa mng'ao, mama. Linabaki baka lililofifia, ukifuta halitoki, kwa sababu siyo uchafu. Jiwe lenyewe limeumia."

Hilaria akauliza kuhusu mafuta ya nazi. Akauliza kuhusu dawa ya meno na rangi za kucha. Aliuliza mpaka Shedrack akaaga akaenda zake. Kitu kimoja hakukiuliza, na fundi hakukitaja, na simlaumu hata mmoja wao, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angekifikiria.

Krismasi ikapita vizuri. Wajukuu wakaoga wakachoka kuoga, kila jirani akaja kulishika jiwe, Sista Ruth naye akapita akalipapasa, akasema kwanza atazame litakavyodumu. Wageni wakaondoka, na bafu likabaki la Hilaria peke yake. Likaja lile jua la Januari. Mchana alikuwa anaingia humo, anaweka kiganja juu ya marumaru na kustaajabu: nyumba nzima ina joto, jiwe baridi. Sasa yeye siyo mtu wa kuacha kitu kizuri kikae bure. Siagi ikahamia huko. Maziwa ya asubuhi yakahamia huko. Na jagi la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, iliyobaki Jumapili wazee waliokuja kunywa wakishaondoka, nalo likahamia huko, maana mbege ukiitia kwenye friji inakufa ladha, na ukiiacha jikoni inachachuka kupita kiasi kabla hujarudi shamba. Bafuni ilikaa vizuri ajabu. Na alifuta kila siku, kwa kitambaa laini, akijiona mtunzaji hodari.

Pasaka, Evelyn akaja. Akaingia bafuni, akavuta pazia, jua likalala juu ya jiwe.

"Mama. Hivi ni nini hivi?"

Yalikuwa maduara. Mepesi, yamefifia, mengine yamepandana, na huwezi kuyaona mpaka mwanga uje wa ubavuni. Hilaria akasugua kwa kidole, akasugua kwa kanga. Hayakutoka. Evelyn akashika kiuno.

"Tumepigwa, mama. Huyu fundi katubadilishia jiwe. Hili silo nililochagua."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Hilaria, na yeye anajua. Mtu aliyefungua redio ya katekista, safari hii hakusema nione kwanza. Aliona haya mbele ya mwanawe aliyejinyima kumjengea, aliona haya mbele ya majirani wote aliowaita kuja kulishika jiwe, na haya ikishakupanda kichwani inakufunga macho. Jumamosi asubuhi, jumuiya yetu ya majirani ilipomaliza sala, Sista Ruth alimgeukia akamuuliza lile jiwe la bafuni linaendeleaje.

"Fundi alitubadilishia jiwe," Hilaria akasema.

Basi, hivyo tu. Wenseslaus siku hiyo hakuwapo, alikuwa amempeleka mama yake hospitali mjini. Sista Ruth hakuuliza la pili, na kwa nini aulize? Amesema Mama Nione. Watu wakaangaliana, wakakunja mikeka.

Neno likatembea. Masista wakampigia Wenseslaus simu kwamba asijisumbue kuja kupima. Mwalimu aliyetaka kuwekewa vigae akasema atamtafuta, na tunajua maana yake. Wenseslaus alipojua neno limetoka wapi, alikuja mwenyewe kwa Hilaria, akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, na hakumtazama.

Aliomba alione jiwe. Akachuchumaa, akalitazama kwa ubavu kuelekea dirishani, akapitisha kidole polepole.

"Jiwe ni lile lile, mama. Kuna kitu kimelila. Sijui ni kitu gani."

"Mimi sijatia limau. Wala siki."

"Sijasema umetia."

Alibaki amesimama pale kidogo, kama anayengoja kuulizwa kitu. Hilaria akanyoosha taulo ambalo lilikuwa limenyooka. Wenseslaus akaaga, akaondoka bila kukaribishwa hata chai, na huku kwetu hilo ni tusi tosha.

Kesho yake asubuhi Hilaria alikuwa anafuta vumbi chumbani. Akainua picha ya Jacob, na hapo akakutana na kile kipande cha duara. Kinang'aa, safi, kama siku kilipokatwa. Alikitazama muda. Mishipa ya kijivu ni ile ile. Yeye mwenyewe alikidaka kikitoka katikati ya lile bamba. Kama bamba ni la bandia, basi na hiki ni cha bandia, na mbona hiki hakina hata baka moja? Kwa hiyo siyo jiwe. Ni kitu kilichowekwa juu ya jiwe, na aliyekuwa akiweka vitu bafuni tangu Januari ni mtu mmoja.

Akakaa kitandani. "Nione," akasema peke yake, na neno lake mwenyewe likamtia hofu.

Akakibeba kipande uani, akakiweka juu ya benchi. Akakusanya kila kilichowahi kuingia katika bafu lile: chai, sabuni, siagi, maziwa, dawa ya meno, mafuta ya kupaka, na mbege kutoka kwenye jagi. Akadondosha tone la kila kimoja kwa kuzunguka, na pembeni ya kila tone akaweka alama yake, hapa jani la kahawa, hapa punje ya mahindi, hapa kifungo, asije akachanganya. Kuku akaja akala siagi pamoja na punje yake. Akafukuzwa, siagi ikawekwa upya. Kisha Hilaria akaenda kumkatia ng'ombe majani. Na nisimsingizie, alikuwa na wasiwasi, lakini alikuwa na raha pia. Alikata majani mbio mbio, kila mara anageuza shingo kutazama benchi.

Alirudi na kitambaa. Chai ikatoka. Maziwa yakatoka, siagi, sabuni, vyote vikatoka na jiwe likang'aa chini yake. Akafika penye jani la kahawa, ambapo palikuwa na tone la mbege. Kitambaa kikapita, na jiwe halikung'aa. Akapitisha tena. Akakiinua kipande kuelekea mwanga, akaona baka dogo, limefifia, ukucha ukiligusa unahisi kama umegusa chaki.

Akachukua jagi, akaingia nalo bafuni, akalisimamisha juu ya duara la kwanza. Kitako kikaingia sawasawa. Akalihamishia la pili. Sawasawa.

"Kumbe mbege," akasema.

Tangu azaliwe amekuwa nayo. Ameioteshea ulezi wake, ameichemshia ndizi zake, ameimimina kwenye harusi na kwenye misiba, na hakuwahi kujua kwamba ina meno ya kula jiwe. Ilimchekesha. Alicheka peke yake bafuni, ameshika jagi, mpaka alipokumbuka kijana wa watu amelala nyumbani hana kazi, akaliweka jagi chini.

Akampigia Evelyn. "Ni mimi niliyeharibu," akasema, akaeleza.

"Mama," akasema Evelyn. "Mbege bafuni?"

"Jiwe ni baridi."

"Basi mpigie fundi umwambie pole, yaishe."

"Hapana," akasema Hilaria. "Nilisema mbele ya watu."

Sisi Wachagga tuna jani letu, isale. Limepandwa mipakani mwa kila kihamba, na ukimkosea mtu ukamletea jani hilo limefungwa fundo, hawezi kukukatalia msamaha. Ila kwa kawaida ni mdogo anayempelekea mkubwa, au wakubwa kwa wakubwa. Mama mwenye wajukuu kumpelekea kijana ambaye hajaoa, mimi sikuwahi kuona. Jumamosi iliyofuata Hilaria alikwenda mpakani asubuhi na mapema, akachagua jani zuri, akalifunga.

Jumuiya siku ile ilisali nyumbani kwa Shedrack. Wenseslaus alikuja kwa sababu waliombea mama yake, akakaa karibu na mlango, na watu walimwachia nafasi kubwa pembeni yake kuliko ilivyohitajika. Hilaria aliingia na kikapu. Akaomba ruhusa, akaweka kile kipande cha marumaru juu ya kigoda katikati ya chumba, akamimina mbege kidogo juu yake, akakaa, akatoa rozari. Watu walidhani uzee umemwingia ghafla. Rozari ya siku ile ilisaliwa jicho moja likiwa kwenye kigoda.

Walipomaliza, alisimama akafuta jiwe, akampa Sista Ruth. Sista akaligeuza kuelekea mlangoni, akaona baka, akampa Shedrack, likapita mkono kwa mkono.

"Hilo ni jiwe lile lile alilonifungia Wenseslaus," Hilaria akasema. "Niliweka jagi la mbege juu yake, mimi mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, kwa sababu lina baridi. Fundi hakubadilisha kitu. Nilisema kitu ambacho sikukiona."

Kisha akalitoa jani kwenye kikapu, akavuka chumba, akampa Wenseslaus kwa mikono miwili, amepiga goti.

Wenseslaus aliruka kumwinua. Akalipokea. Sista Ruth tayari alikuwa anafungua kinywa kusema habari ya nyumba ya wageni, lakini kijana hakuwa amemaliza.

"Nimepokea, mama, yamekwisha," akasema taratibu. "Ila moja limeniuma. Redio ya katekista uliifungua. Spika ya padre umeichungulia mpaka ndani. Mimi nilisimama bafuni kwako, na hukuniuliza hata neno moja."

Hilaria akarudi mahali pake, akakaa na kikapu mapajani.

Kazi ya masista Wenseslaus akapewa palepale, na Sista Ruth akatangaza kwamba kwenye masharti ya marumaru ataongeza mbege, ingawa wageni wake ni watu wa sala. Watu walicheka, na kicheko kile kilisaidia. Wiki hiyo Wenseslaus akaja na poda ya kung'arishia na kitambaa chenye maji, akasugua bafu la Hilaria mpaka maduara yakapotea. Hilaria alishika taa, akatazama, na hakuuliza kitu. Kutouliza huko kulimtia yeye mwenyewe huzuni kuliko madoa ya jiwe yalivyokuwa yamemtia.

Siku ya kufunga kabati la kwanza kwa masista, alifika bila kuitwa, na birika lake la maji. Wenseslaus alikuwa ameshaweka pimamaji sakafuni. Akaguna. Akangoja aulizwe mbona anaguna.

Hilaria akaweka birika chini.

"Siku ile ulipotoka kwangu," akasema, "ulikwenda wapi?"

Wenseslaus akamtazama. Akaliweka pimamaji kando, akakaa sakafuni ameegemea kabati, akaanza kumweleza. Hilaria akakaa mbele yake, na hakumkatiza mpaka alipofika mwisho.